Mvua inatupita Pwani, kisha tunanunua maji kwa mtungi

Mwezi wa tano, mvua za mwaka zilipokolea, nilisimama barazani kwangu Ukunda nikaitazama njia yetu ikigeuka mto. Maji ya rangi ya udongo yalishuka kutoka upande wa barabara kuu, yamebeba chupa za plastiki na kandambili moja, yakielekea baharini. Katikati ya maji hayo alipita kijana akisukuma mkokoteni wa mitungi, gunia kichwani. Jirani yangu akatoka na leso yake akanunua mitungi minne. Mfereji wake ulikuwa haujatoa tone kwa siku tano, na kisima chake kina chumvi.

"Mvua yote hii, na bado twanunua maji," akaniambia.

Tulicheka wote wawili. Lakini usiku, mabati yakivuma kwa mvua, neno lake likanirudia. Kwa miaka mingi tumejadili maji ya Pwani katika mikutano ya hadhara, redioni na kwenye baraza za kahawa. Tunajadili mabomba yaliyopasuka, madeni ya kampuni za maji, bili zisizoeleweka, na bwawa ambalo tumeahidiwa. Ni nadra kusikia mtu akiuliza swali moja la msingi: mvua inayonyesha hapa inaingilia wapi ardhini, na ni nani anayepalinda mahali hapo?

Nasema ni swali la msingi kwa sababu karibu maji yote tunayokunywa Pwani ni mvua iliyozama ardhini kwanza.

Maji yetu yote yamepita chini

Tuanze na Mzima. Bomba la kutoka Mzima hadi Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 200, lilikamilika mwaka 1957, na hadi leo ni uti wa mgongo wa maji ya mji ule. Wengi wetu tunajua kwamba chemchemi za Mzima ziko ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kwenye viboko na mamba. Wachache wanajua kwamba maji yale yalinyesha kwingine, juu ya vilima vya Chyulu. Chyulu ni vilima vya volkano changa. Mawe yake yana matundu na nyufa nyingi, kiasi kwamba hakuna mto unaotiririka juu yake. Mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa kileleni hunywewa na mawe, maji yakasafiri gizani, yakaja kutokeza Mzima yakiwa safi kama kioo.

Marere, chanzo kilichoanza kuipelekea Mombasa maji tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ni chemchemi ya Shimba Hills, yaani mvua iliyozama katika msitu na mawe ya mchanga ya vilima vile. Visima vya Tiwi, vinavyotulisha sisi wa Kusini mwa Pwani, vinavuta mvua iliyozama katika mchanga na matumbawe kati ya Shimba na bahari. Baricho, kule Kilifi, watu husema ni maji ya mto Sabaki. Kweli, lakini hayachotwi mtoni moja kwa moja. Huvutwa kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa kando ya mto, ambao huyachuja na kuyahifadhi. Na mji wa Lamu unaishi kwa visima vya vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga ule hunywa mvua, na maji baridi hukaa chini yake yakielea juu ya maji ya bahari.

Hivyo ni vyanzo vitano, na kila kimoja kinategemea mahali ambapo mvua inapata njia ya kushuka. Mahali hapo pakiharibiwa, bomba litabaki bomba tu.

Hapa ndipo siasa yetu inapokosea shabaha. Viongozi wa Taita Taveta wamedai kwa miaka mingi mgao wa haki wa maji ya Mzima, nami naona dai lao lina uzito: maji hupita mlangoni mwao yakaenda kunywewa Mombasa. Lakini katika mvutano huo, sauti ya kuuliza hali ya msitu wa Chyulu ni ndogo sana. Tunagombania kata na hatuuliziani habari za mtungi.

Namna mvua inavyozama

Mvua ikinyesha, maji yake hugawanyika. Sehemu hurudi hewani kwa joto la jua. Sehemu hunywewa na mizizi ya miti na mimea. Sehemu hutiririka juu hadi mtoni na baharini. Inayobaki ndiyo hupita chini ya mizizi, ikashuka polepole hadi kwenye tabaka ambalo kila tundu na ufa umejaa maji. Hayo ndiyo maji ya kisima.

Kwa hiyo si kila mvua inajaza kisima. Baada ya kaskazi kali, ardhi ni kavu kama mkate wa juzi. Manyunyu ya kwanza huishia kwenye udongo wa juu, na jua la mchana huyarudisha hewani. Kinachojaza visima ni mvua ya siku kadhaa mfululizo, inayoikuta ardhi tayari imelowa. Ndiyo maana miaka ile ya ukame, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, visima vyetu viliteseka hata pale manyunyu yalipopita. Kisha ikaja El Niño ya Novemba 2023, na mvua kubwa za Aprili na Mei 2024. Mvua za namna hiyo ndizo ambazo ardhi hungoja, na sisi tulizipokea kama msiba. Tulihesabu nyumba zilizofurika na barabara zilizokatika, kwa haki kabisa, kisha maji yakaenda zake baharini. Miezi michache baadaye tulikuwa tumepanga foleni ya mitungi tena.

Aina ya ardhi nayo ina sauti yake. Ukanda wa matumbawe na mchanga, kutoka Msambweni hadi Malindi, hunywa maji upesi. Ukipanda kuelekea bara, sehemu nyingi za Kinango na Ganze zina udongo mzito wa mfinyanzi. Huko maji hayana haraka ya kushuka. Hukimbilia korongoni, na baada ya siku mbili korongo ni kavu. Kwa hiyo dawa ya Diani haiwezi kuwa dawa ya Kinango, na mpango mmoja wa maji kwa kaunti nzima utamwacha mtu mmoja na kiu.

Mlango tunaoufunga wenyewe

Sasa niseme la kwangu, maana si vyema kunyoosha kidole kwa serikali peke yake.

Ploti yetu ya familia ni ile ya kawaida, futi 50 kwa 100. Zamani ilikuwa na minazi, mwembe mmoja na mchanga mtupu. Kisima alichochimba babu kwa sururu kilikuwa pembeni, na maji yake yalikuwa matamu; majirani walikuja na ndoo zao. Miaka sita iliyopita nilijenga nyumba za kupangisha. Nikakata minazi, na ule uwanja uliobaki nikalipa fundi auweke kabro, kwa sababu wapangaji hawapendi matope. Mwishowe nikamwambia fundi aelekeze maji yote ya mapaa njiani. Alifanya kazi safi. Hakuna tone linalotuama kwangu.

Juzi nilipiga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ploti yangu ina kama mita za mraba 465. Ukanda wetu hupata kama milimita 1,000 kwa mwaka wa wastani. Maana yake ni kwamba lita 465,000 huanguka juu ya ploti yangu kila mwaka, mitungi zaidi ya 23,000. Tuseme kwamba, wakati pale palipokuwa mchanga na minazi, robo tu ya maji hayo ilizama. Hiyo ni mitungi zaidi ya 5,800 niliyokuwa nikiiwekea ardhi kila mwaka bila kujua. Sasa karibu yote naituma njiani, ikaungane na ya jirani, ikafanye ule mto niliousimamia barazani.

Na si mimi peke yangu. Tazama Ukunda, Mtwapa, Bamburi, Likoni. Kila ploti inayojengwa imefunikwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mafuriko ya barabarani na ukavu wa visima ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili, lakini tunautibu katika ofisi mbili tofauti: huku mtaro unachimbwa ili maji yaondoke haraka, kule kisima kipya kinachimbwa kwa sababu maji hayapo.

Kuna milango mingine tunayoifunga. Mchanga wa mitoni unazolewa kwa malori kwenda kujenga majumba, na mchanga ule ndio tangi la mto: ukiondoka, maji hayana pa kukaa mto unapokauka. Misitu ya kaya, ambayo wazee wa Kimijikenda waliilinda kwa miiko kabla ya UNESCO kuitambua mwaka 2008, inamegwa pembeni. Chini ya miti udongo huwa laini, umejaa majani na matundu ya mizizi na wadudu. Ardhi iliyokatwa miti na kukanyagwa hugeuka sakafu. Na kule Shela, mivutano ya ploti na ujenzi juu ya vilima vya mchanga imeendelea kwa miaka. Anayejenga juu ya vilima vile anajenga juu ya tangi la mji wa Lamu.

Chumvi haitoki mbali

Kwa mtu wa Nairobi, kisima kikikauka hana maji. Kwetu jambo ni baya zaidi: kisima hakikauki, kinageuka chumvi.

Sababu yake iligunduliwa na wataalamu wawili wa Ulaya zaidi ya miaka 100 iliyopita, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji ya mvua: lita 1,000 za maji baridi zina uzito wa kilo 1,000, na za bahari kama kilo 1,025. Kwa hiyo chini ya ardhi ya pwani maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi. Hesabu yake inatisha. Kwa kila mita moja ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Geuza sasa hesabu hiyo. Ukivuta maji hadi yakashuka mita moja, na hali ikabaki hivyo, mpaka wa chumvi hupanda kama mita 40 kukufuata.

Mzee mmoja mchimba visima, mtu wa Tiwi, hajasoma habari za Ghijben wala Herzberg, lakini alinieleza jambo lile lile nilipokwenda kumwamkia.

"Mwanangu, zamani nikifika maji nilisimama," alisema. "Futi mbili tatu ndani ya maji, basi. Siku hizi mwenye nyumba aniambia nizidishe, azidishe pampu. Namwambia ukizidisha utaiita bahari. Hasikii, kisha mwaka wa pili ananiita kuja kuonja."

Kisima cha babu nacho kimeanza. Mwaka huu, mwishoni mwa kaskazi, chai ilikuwa na ladha ya magadi. Mvua za mwaka ziliporudi ladha ikapungua. Hiyo ndiyo ishara: mvua ikizama, inaisukuma chumvi irudi. Isipozama, chumvi hupata nafasi.

Pia kuna uchafu. Matumbawe yana nyufa zinazopitisha maji upesi, bila kuyachuja kama mchanga unavyochuja. Vyoo vya shimo na mashimo ya majitaka yanayopakana na visima hupeleka uchafu moja kwa moja. Kisiwani Mombasa watu wengi hawathubutu tena kunywa maji ya kisima, na kila kipindupindu kikitokea tunakumbushwa sababu yake.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya kesho tu. Pale Gede, mji ulioingizwa kwenye orodha ya urathi wa dunia mwaka 2024, watalii huonyeshwa misikiti, kasri na visima. Watu waliuhama mji ule katika karne ya 17. Sababu zinazotajwa ni kadhaa, vita vikiwemo, na mojawapo ni kushuka kwa maji ya visima. Wapwani wenzetu waliojenga kwa mawe na kula kwa sahani za Uchina hawakuweza kuishi bila kisima.

Wanaosema bwawa litatosha

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: ngojeni bwawa la Mwache. Bwawa lile la Kwale ni mradi mkubwa, na sina ugomvi nalo. Pwani inakua na inahitaji maji zaidi kuliko visima vyote vinavyoweza kutoa. Lakini bwawa nalo hula mvua ile ile. Vilima vinavyolizunguka vikibaki uchi, kila mvua kubwa italiletea tope badala ya maji, na tope halitoki kwa kufungua mfereji.

La pili: tujenge mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Mombasa imelizungumza hilo kwa miaka. Inawezekana, lakini mitambo hiyo hula umeme mwingi, na anayelipa umeme ni yule mnunuzi wa mtungi. Ardhi husafisha na kuhifadhi maji bure; busara ni kuanza na kilicho bure.

La tatu, na hili linasemwa sana wakati wa kampeni: kila kijiji kichimbiwe kisima. Mwanasiasa hupenda kisima kwa sababu kina utepe wa kukata. Lakini kisima kipya hakileti maji mapya. Ni mrija mwingine katika dafu lile lile.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu

Tusisingizie kukosa sheria. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya mitaro ya maji ya mvua mijini, huduma za maji, na utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo na maji. Kisima kirefu kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ramani za nyumba hupitishwa na kaunti. Kwa hiyo mambo matatu yanaweza kuanza bila kungoja mfadhili.

Kwanza, kaunti isipitishe ramani ya ploti iliyofunikwa yote. Kila ujenzi uache sehemu ya ardhi wazi, na maji ya paa yaingie kwenye tangi, yanayozidi yaingie kwenye shimo la kokoto ili yazame. Shimo hilo liwe mbali na choo, na lisipokee maji ya barabarani yenye mafuta na taka. Wenzetu wa visiwa vya Lamu, ambako visima vingi ni vya chumvi, wamejenga jabia za kukinga mvua tangu zama za mababu. Sisi wa bara pana tumejenga mlizamu wa kuimwaga njiani.

Pili, visima vikubwa vya biashara na mahoteli vifungwe mita, vipimwe chumvi kila msimu, na matokeo yabandikwe hadharani. Mwananchi anayekunywa tabaka moja na hoteli ana haki ya kujua linavyovutwa. Kisima kinachoanza kuonyesha chumvi kipumzishwe kabla hakijaharibu vya jirani.

Tatu, mahali pa kuzamia palindwe kwa jina: Chyulu, Shimba, vilima vya Shela, kaya, na mchanga wa Sabaki. Sehemu ya pesa tunazolipia maji irudi huko, kwa watu wanaoishi na misitu ile. Kwa upande wa Kinango na Ganze, vizuizi vidogo vya mchanga kwenye makorongo, kama vinavyotumika Makueni na Kitui, vingeyapa maji muda wa kuzama.

Nami nimeanza kwangu. Wiki iliyopita nilimwita yule yule fundi. Nilipomwambia ang'oe safu nne za kabro karibu na ukuta, mbali na choo, achimbe shimo na kulijaza kokoto, na mlizamu wa paa augeuzie huko, alinitazama kama mtu aliyepigwa na jua. "Si ulinilipa kuziweka?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, na sasa nakulipa kuzitoa.

Shimo liko tayari, linangoja vuli. Mwisho wa kaskazi ijayo nitaonja kisima cha babu tena. Ploti moja haiwezi kukirudisha kama kilivyokuwa, hilo najua, kwa sababu chini ya ardhi hakuna ukuta kati yangu na jirani. Ndiyo maana nimemwalika yule mama wa mitungi minne aje kulitazama lile shimo, na nimempigia MCA wetu simu mara mbili. Bado hajapokea.